Tarishi Mnene Alipogeuka Katuni

Nimeshtuka mara nyingi katika maisha yangu, na namshukuru Mungu kwamba moyo umestahimili. Lakini mshtuko wa Jumamosi moja, sebuleni kwa jirani yangu kule Nyakato, Mwanza, bado sijaupatia mwenzake. Kwenye kioo cha televisheni alitokea mtu niliyemfahamu vizuri: mnene, mwenye kipara, tumbo limetangulia na mwili unafuata, mkono wa kulia unajikuna kisogo. Alikuwa yeye kabisa. Ila hakuwa mtu tena. Alikuwa amechorwa.

"Yesu na Maria!" nilisema kwa sauti, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele katika nyumba ya mtu.

Jirani yangu ni Mwislamu. Alikuwa amesimama kando ya televisheni na fimbo yake ya kuonyeshea. Akaniitikia, "Na mitume wote, mwalimu. Hata mimi sielewi."

Watoto waliojaa kwenye mkeka hawakucheka. Walikaa midomo wazi. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa ameegemea goti langu, alinishika kidole akakibana mpaka kikauma.

Inafaa nieleze tulifikaje hapo.

Jirani huyu aliuza mitumba karibu na stendi ya Buzuruga. Miaka ile biashara zilikuwa zimefunguliwa. Vitu ambavyo zamani ungevisikia kwa watu wa Dar es Salaam tu vilianza kupanda treni mpaka kwetu, na siku moja yeye akarudi na televisheni na deki, vimefungwa ndani ya robota la makoti ili visivunjike. Wengi wetu mtaani tulikuwa watu wa viwandani, na wengine walikuwa wamepunguzwa kazi. Hatukuwa na cha kuangalia Jumamosi zaidi ya nyuso zetu. Yeye akafungua mlango. Watoto mbele, wazee kwenye viti, umeme ukikatika tunamsubiri Mungu aurudishe. Nyumba ile ilikuwa na ukarimu, na sijausahau.

Mimi nilikuwa katekista, nikifundisha watoto dini kila Jumamosi asubuhi, kwa hiyo wazazi walinituma nikague kwanza hizo kanda. Nilikwenda nimekunja uso. Kumbe ilikuwa ni vichekesho vya nchi ya mbali, watu halisi wakiigiza, habari za tarishi mmoja mnene anayeogopa mbwa. Ana mke mrefu kuliko yeye, na mama mkwe wake anaishi humo humo ndani. Lugha yao haikuwa Kiingereza, na hapakuwa na aliyeijua. Jirani yangu alitafsiri.

"Sasa hapa," alisema akigonga kioo kwa fimbo, "mke anamwambia, wewe mume gani, mbwa wa jirani amekula barua za watu na wewe umekaa unakunywa chai!"

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Mwalimu, mtazame uso yule mama. Uso kama ule unasema nini kingine?"

Jumamosi ile ya ukaguzi tarishi alimkimbia mbwa akaingia chumbani kwa mama mkwe wake na kujificha kabatini kati ya nguo zake. Sebule nzima iliguna. Kwetu Usukumani mtu hapishani na mkwewe njiani bila kuinama kando, sembuse kuingia chumbani kwake. Mke wangu alijifunika uso kwa khanga. "Jamani, huyu hana wazazi?" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, na mimi nikashindwa kujizuia. Niliwaambia wazazi kwamba hapana neno baya, waache watoto waangalie. Tukampenda yule tarishi. Watoto wakawa wanatembea kama yeye njia nzima ya kwenda kisimani.

Mjukuu wangu alijiunga nasi baadaye, msiba ulipotupata. Mama yake, binti yetu wa pekee, alifia hospitalini Sengerema, tukamzika huko kwa wakweze. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa kuhamahama kutafuta kazi, tukakubaliana naye kwamba mtoto akae kwetu asome. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kung'oka meno ya mbele. Tulivuka naye kwa feri, amekaa kwenye sanduku la nguo zake, hasemi, hatazami maji.

Kule msibani alikuwa ameona kitu. Tulipotoka makaburini, mtani wa ukoo wetu alivaa kitenge cha marehemu, akafunga kilemba chake, akajitokeza uani akitembea kama binti yangu: mkono mmoja kiunoni, shingo imelala upande kidogo. "Nyie mnalia nini, na chungu kinaungua?" alisema, na sauti ilikuwa ileile. Watu wakacheka huku machozi yakitiririka. Ndiyo kazi ya mtani, kumrudisha marehemu kwa dakika chache ili waliobaki wapumue. Mjukuu wangu alimkimbilia. Alipomfikia akainua uso, akaona si mama yake. Hakulia. Alirudi kinyumenyume mpaka akagonga ukuta.

Basi Jumamosi ya katuni mtoto huyu ndiye aliyekuwa amenibana kidole.

Kanda ilipoendelea tulielewa polepole. Ni hadithi ileile, nyumba ileile, mke yuleyule mrefu, mama mkwe na kabati lake. Lakini wote walikuwa wamechorwa kwa ajili ya watoto, na katika kuchorwa walikuwa wamepata uwezo mpya. Tarishi alianguka kutoka kwenye paa, akalala chini bapa kama chapati, kisha akajikung'uta, akasimama, akaendelea na barua zake. Mbwa alimng'ata mguu ukarefuka kama mpira, halafu ukarudi.

"Kwa nini wamewachora?" aliuliza mtoto mmoja.

Jirani yangu alikuna ndevu. "Nilisikia dukani kwamba yule mzee mwenyewe, yule tarishi wa kwanza, ameshafariki. Ndiyo wakaona wamchore, ili nyie watoto mwendelee kumwona."

Hakusema kwa ubaya. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli au aliitafsiri tu kama alivyotafsiri mengine. Lakini nilisikia kidole changu kikiachiwa ghafla. Mjukuu wangu alikuwa amesogea mbele, karibu kabisa na kioo.

Kipindi kile tulikuwa tunakaribia Pasaka, na darasani nilikuwa nafundisha juu ya ufufuko. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Mtu huzikwa kama punje ya mahindi, na kinachoota hakifanani na punje, ingawa kimetoka humo. Tutakuwa sisi wenyewe, niliwaambia, lakini katika mwili mwingine, mwili usioumwa, usiozeeka, usiokufa tena. Niliyasema maneno hayo miaka na miaka bila mtoto kuniuliza kitu.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, niliuliza darasa, "Ni nani anaweza kutuambia mwili ule wa ufufuko utakuwaje?"

Mjukuu wangu alinyoosha mkono. Nilifurahi, kwa sababu darasani hakuwa amewahi kufungua kinywa.

"Ni katuni, mwalimu," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Rudia."

"Ni katuni. Ukianguka huumii. Mbwa akikung'ata unarudi ulivyokuwa. Tarishi alikufa, sasa yupo, na ni yeye mwenyewe, ila mwili mwingine."

Nikawatazama wenzake, nikitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatikisa vichwa wakikubali, mmoja baada ya mwingine, kwa uzito wa watu waliolielewa somo. Mvulana wa nyuma akaongeza, "Na mama mkwe pia alifufuka."

Nilisimama mbele yao na chaki mkononi. Kila kipande cha jibu lile nilikuwa nimekitamka mimi mwenyewe kwa kinywa changu. Sikupata pa kukosoa. Nikawaambia wasimame tusali.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua macho.

"Ndiyo umejua leo?" alisema.

"Kujua nini?"

"Mzee wewe, unakaa na mtoto huyu sebule moja. Hujaona anaangalia wapi? Wenzake wanamwangalia tarishi. Yeye anaangalia mlango wa ile nyumba."

"Mlango?"

"Anangoja nani ataingia."

Mchana ule nilikwenda kwa jirani nikakaa nyuma, nikamwangalia mtoto badala ya katuni. Kanda ilikuwa ileile, maana jirani alikuwa na hiyo moja tu ya michoro. Tarishi alitoka kwenda kugawa barua. Barabarani palikuwa na watu wa kuchorwa wakipita, wale wasio na kazi yoyote katika hadithi: mwanamke na kikapu, mwanamke na mtoto, mwanamke anaanika nguo dirishani. Mjukuu wangu aliwatazama mmoja mmoja. Kila mwanamke alipotokea, shingo yake ilinyooka. Alipopita, ilirudi chini. Mlango wa nyumba ya tarishi ulipofunguliwa, alijiinua magotini. Aliyeingia alikuwa mama mkwe. Watoto wakacheka, naye akakaa tena.

Nimesimamia vitanda vya watu wanaokata roho, na nimekwenda kugonga mlango wa mama kumpa habari za mwanawe aliyezama ziwani. Lakini mbele ya mgongo ule mdogo nilijiona sina elimu yoyote. Nilikuwa nimempa mtoto tumaini, naye alikuwa amelipeleka mahali ambapo lingemvunja. Kumwambia "hapana, mama hayumo humo" ilikuwa rahisi. Lakini angeniuliza, basi yumo wapi, na ana mwili gani? Na lile la punje ya mahindi lilikuwa limekwisha kutumika.

Nikaomba subira. Subira nimeiomba zaidi ya mkate.

Jibu lilimjia yeye mwenyewe, na lilikuja vibaya. Jirani alikuwa amechoka na kanda moja, akaamua siku moja awaonyeshe watoto ile ya zamani, ya watu halisi, halafu hapohapo ile ya katuni, wapime wenyewe. Kabatini, tarishi wa kwanza alipiga chafya. Baadaye tarishi wa kuchorwa akapiga chafya kabatini vilevile. Watoto wakapiga makofi.

Mjukuu wangu alisimama.

"Sauti si yake," alisema.

"Kaa chini, mama, wenzako hawaoni," alisema jirani kwa upole.

"Sauti si yake! Huyu ni mtu mwingine anamwiga. Ni kama yule wa msibani!"

Akatoka nje akikimbia. Nilimfuata kwa miguu yangu mizee nikamkuta nyuma ya nyumba yetu, kwenye banda la kuku, amejikunja. Alikuwa analia, na tangu msiba nilikuwa sijamwona akilia. Nilikaa chini kwenye vumbi, suruali yangu ya kanisani na yote.

"Babu, katuni ni uongo."

"Ni mchezo, mke wangu," nilisema. Ndivyo tunavyowaita wajukuu wetu wa kike, kwa utani. "Mtu amechora, mwingine ametoa sauti."

"Na mama hayumo."

"Hayumo."

Kisha alisema neno ambalo sikulitegemea.

"Na mimi sauti yake siikumbuki. Nilikuwa naikumbuka kwenye feri. Sasa haipo. Akija na mwili mwingine nitamjuaje?"

Tulidhani mtoto amekosa mama. Kumbe alikuwa anampoteza mara ya pili, kila siku kidogo, na alikuwa peke yake katika kazi ile.

"Mwili huo ukoje, babu?"

"Sijui."

"Wewe ni mwalimu."

"Mimi ni mwalimu na sijui. Hakuna mtu duniani anayejua. Najua tu kwamba aliyemuumba mama yako hana haja ya kumwiga." Nilimfuta kamasi kwa kiganja. "Wewe usipomjua, yeye atakujua."

Aliwaza. "Lakini mimi nataka kumjua."

Alikuwa na haki.

Bibi yake ndiye aliyepata njia, na hakuipata vitabuni. Yule mtani alikuwa akivuka kuja Mwanza mara kwa mara na mihogo mikavu. Mke wangu akamtumia salamu. Siku alipofika, kabla hajapewa hata maji, alisema akiwa mlangoni, "Nimeitwa na maadui zangu. Yuko wapi huyo mwenye nyumba asiyejua hata kuchinja kuku?"

"Karibu, mchawi," nilimjibu, kama utani unavyotaka. "Tumekuita kwa sababu paka wetu ametoroka, na panya wametuzidi."

Mjukuu wangu alimtambua akarudi nyuma. Mtani aliliona hilo, akaacha mzaha. Akachuchumaa.

"Shikamoo," mtoto alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Niambie unataka nini."

"Nataka ufanye mama. Lakini usivae kitenge chake. Fanya sauti tu."

Mtani akanitazama, nami nikatazama chini. Akafumba macho, akaweka mkono kiunoni, shingo ikalala upande. "Nyie mnalia nini, na chungu kinaungua?"

"Siyo," alisema mke wangu kutoka jikoni. "Hapo mwisho alikuwa anavuta. Kinaunguuua. Aliuchukua kwa mama yangu ule mvuto."

Mtani akarudia akivuta.

"Na kabla ya kusema alikuwa anapuliza puani," nilisema mimi, na nikashangaa, maana sikuwa najua kwamba ninalijua jambo hilo. "Hivi. Hm."

Akarudia, na pumzi ya puani. Mtoto alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Mkono siyo huo," alisema ghafla. "Mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ananishika mimi."

Mtani akabadilisha mkono. Akapuliza puani, akasema yale maneno ya chungu. Mke wangu alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama. Hata kuku waliokuwa mlangoni sikuwasikia.

"Ndiyo," alisema mjukuu wangu. "Ndiyo hiyo."

Hakumkimbilia. Alikaa palepale, akairudia mwenyewe kwa sauti ndogo, mara moja, mara ya pili, akiivuta ile mwisho, mpaka akaipata. Kisha akaomba chakula.

Tangu hapo aliendelea kwenda kwa jirani, na aliendelea kumpenda tarishi wa kuchorwa. Alicheka pamoja na wenzake mbwa alipomng'ata, na mlango ulipofunguliwa hakujiinua tena. Nilidhani jambo limekwisha, nikamshukuru Mungu kwa sala ndefu.

Lakini nilianza kumfumania. Nikiwa navaa miwani, namwona ameegemea mlango, ananitazama. Nikikohoa kabla ya kuanza rozari, nasikia kikohozi kingine chumba cha pili. Nikitembea kwenda kanisani yuko nyuma yangu, na nikigeuka anasimama. Nilidhani ni heshima.

Jumatano moja jumuiya yetu ndogondogo ilisali nyumbani kwetu. Watu walikuwa wameshakaa kwenye viti vya kuazima, na mimi nilikuwa nimechelewa uani nikinawa miguu. Nilisikia kikohozi sebuleni. Kikohozi changu. Halafu nikasikia sauti nzito, ya polepole, ikisema, "Tujiweke... mbele za Mungu... na wewe kule nyuma, acha kutafuna."

Sebule ililipuka kwa kicheko. Nilichungulia kwenye pazia. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mahali pangu, kwenye mkeka wangu, miwani yangu imeshuka mpaka ncha ya pua, mkono mmoja mgongoni, goti la kushoto limekunjwa kwa sababu ndilo linaloniuma. Aliinua kidole juu na kusahau alichotaka kusema, kama ninavyosahau. Sikuwa najua kwamba nafanya hivyo. Wazee wenzangu walikuwa wanafuta machozi. Jirani yangu wa mitumba, aliyekuwa amepita kuleta kiti, alijishika mbavu mlangoni.

Niliingia. Kicheko kikakatika kama umeme. Mtoto akaniona, lakini miwani hakuivua.

"Unanifanyia mzaha mbele ya jumuiya?" niliuliza.

"Hapana, babu," alisema. "Nakujifunza mapema."

Mke wangu aligeuza uso upande wa dirisha.

Nimeishi miaka mingi baada ya Jumatano ile, kuliko nilivyostahili. Kila siku naiweka mezani pa shukrani. Lakini pale sebuleni nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake, na aliyelionyesha ni mtoto mwenye pengo la meno na miwani yangu puani. Nilimsogelea, nikamrekebisha mkono wa mgongoni.

"Siyo hivyo," nilimwambia. "Kiganja huwa kimefunguka."

Akakifungua. Nikakaa kwenye kiti cha mgeni, naye akakohoa na kutuanzishia sala.